Nywele za mbele zinapungua: utibu, unyoe au uache? Wanaume wa Kisumu, Nakuru na Magharibi karibuni

Mkazi_wa_Kondele (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni.

Kila mara anaingia kijana hapa akiuliza mafuta gani yanaotesha nywele, na majibu huwa yaleyale: kitunguu, mafuta ya nyonyo, tangawizi, mshubiri. Hakuna anayemuuliza nywele zake zinatokaje. Mimi nina miaka thelathini na kitu, panja zilianza kupanda nikiwa bado mwanafunzi pale Maseno, na jambo hili limenisumbua kweli. Najua mwanaume akisema nywele zinamkosesha raha huambiwa aache mambo ya kujipamba. Linauma hata hivyo, na anayeumia anastahili majibu ya kweli kabla hajauziwa chupa.

Kwanza kabisa: si kila nywele zinazotoka ni upara. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kila unywele huota kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka na kumpisha mwenzake. Upara wa kiume una mwendo wake. Huanzia kwenye panja mpaka paji la uso lifanye umbo la herufi M, au huanzia utosini, au kote kuwili. Kisogoni na juu ya masikio nywele hubaki. Hauwashi, hautoi usaha, hauachi kovu, na huenda polepole kwa miaka.

Chanzo chake kinajulikana. Mwili hubadilisha sehemu ya testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, kwa kifupi DHT. Mwanaume aliyerithi vinyweleo vyepesi kudhurika na homoni hiyo, vinyweleo hivyo husinyaa mzunguko baada ya mzunguko. Nywele huota nyembamba, fupi, halafu malaika, halafu basi. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume ambao miili yao haikupata homoni za kiume za kubalehe hawakuota vipara, lakini wakidungwa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo walianza kupoteza nywele. Kwa hiyo kofia haileti upara, wala maji ya chumvi, wala kufikiri sana. Na wanaosema upara hutoka kwa mjomba wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa jeni moja kubwa iko kwenye kromosomu tunayopewa na mama. Jeni nyingine nyingi hutoka pande zote mbili, kwa hiyo kichwa cha mjomba hakitoshi kukupa jibu.

Sasa tazama yanayofanana na upara lakini siyo. Kuna mapunye, ambayo ni fangasi na yanataka dawa ya kumeza, kwa sababu mafuta ya kupaka hayafiki ndani ya shina la unywele. Kuna viduara laini kabisa vinavyotokea ghafla kichwani au kwenye ndevu, kinga ya mwili inaposhambulia vinyweleo. Kuna nywele zinazopukutika kichwa kizima miezi miwili mitatu baada ya homa kali, upasuaji au kupungua uzito kwa kasi, na hizo kwa kawaida hurudi zenyewe. Kuna upungufu wa madini ya chuma na shida za tezi ya shingo. Hata kaswende hutoa nywele kwa mabaka. Dredi zilizokazwa mno huvuta nywele za mbele mpaka shina likafa. Halafu kuna magonjwa yanayoacha makovu, na haya ndiyo ya kukimbilia daktari, maana kinyweleo kilichogeuka kovu hakioteshi tena.

Ndiyo maana naomba sana: kabla ya kununua chochote, kichwa kitazamwe na mtu anayejua ngozi. Ukienda hospitali ya rufaa, iwe Jaramogi, tunayoiita Russia, hapa Kisumu au ile ya kaunti pale Nakuru, ulizia kliniki ya ngozi na siku yake. Mkishajua ni nini, mazungumzo ya kutibu au kutotibu ndiyo yanaanza. Leteni mawazo.

Kinyozi_Section58

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni kinyozi Nakuru, na vichwa ninavyoviona kwa wiki moja ni vingi kuliko daktari anavyoviona.

Naanza na vile vipele vya kisogoni, kwa sababu ndivyo vinavyoniumiza zaidi. Mteja anakuja na vipele vidogo vigumu chini ya kisogo, anasema nipitishe mashine isiyo na kitana, nishushe mpaka ngozi, nimalizie na wembe. Nikifanya hivyo kila wiki vipele vinaungana, vinakuwa uvimbe mgumu, na nywele hazioti tena hapo. Nimejifunza kukataa. Namwambia mzee wangu, hapa nitaacha nywele kidogo, na wewe nenda kwa daktari wa ngozi vikiwa bado vidogo. Wengine wanakasirika na kuhamia kwa kinyozi wa jirani. Waende, mimi sitaki kuwa sababu.

Pili, mashine. Anayenyolewa mara kwa mara na anunue yake, aibebe. Ikishindikana, asimame aone kinyozi akisafisha meno ya mashine kwa spiriti kabla haijagusa kichwa chake. Mapunye ya watoto wengi huzunguka kwa mashine na taulo, na msimu wa kufungua shule ndio mbaya kuliko yote.

Kuhusu kunyoa ukiwa na panja: usiache za juu ziwe ndefu ili zifunike. Zinaonyesha nafasi zaidi. Shusha kichwa kizima mpaka tofauti ya penye nywele na pasipo nywele iwe ndogo, halafu ndevu zikiwepo zichongwe vizuri. Mteja akishajiona kwenye kioo na staili hiyo, mara nyingi anatulia. Na ile kazi ya kuchora laini ya mbele kwa rangi nyeusi naifanya kwa masharti: napaka tone nyuma ya sikio kwanza, anarudi baada ya siku mbili. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayoweza kumvimbisha mtu uso na macho.

Nyakach_Kijana

Wakubwa shikamooni. Nina miaka 23, bado nasoma. Panja zangu zinapanda, na utosini nikipigwa picha na mwanga wa juu ngozi inaonekana. Makanga ananiita mzee, nashuka gari nikiwa sina raha siku nzima. Baba ana nywele zake zote, ila baba yake mama alikuwa na kipara. Kwenye kemisti moja nimeambiwa ninunue dawa ya kupaka na vidonge siku hiyohiyo, bila kuulizwa swali hata moja. Nianze? Na nikianza nitaacha lini?

Mkazi_wa_Kondele (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo. Dawa za upara wa kiume hazina siku ya kumaliza dozi. Ni kama kukodi shamba: siku utakayoacha kulipa, mwenyewe analichukua. Ukiacha, katika miezi kadhaa zile nywele ulizozipata au kuzilinda zinaondoka, na kichwa kinafika pale ambapo kingekuwa bila dawa. Kwa hiyo fanya hesabu ya miaka. Ya kupaka ni mililita 1 asubuhi na 1 jioni, maana yake chupa ya mililita 60 inaisha kwa mwezi. Zidisha bei kwa 12, halafu ujiulize kama utaimudu ukiwa umemaliza chuo na bado unatafuta kazi.

Dawa ya kupaka ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, kikaidhinishwa Marekani mwaka 1979, na wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi usoni. Ya kupaka kichwani iliidhinishwa huko mwaka 1988 kwa nguvu ya asilimia 2, na leo wanaume wengi hutumia asilimia 5. Hupakwa kwenye ngozi kavu, siyo juu ya nywele, na kamwe si kwenye kidonda. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kupukutika zaidi. Wengi huogopa na kuacha hapo, kumbe ni nywele za zamani zinasukumwa ziondoke. Matokeo hupimwa kuanzia miezi 4 hadi 6, na hufanya vizuri zaidi penye nywele nyembamba kuliko pasipo na kitu kabisa. Inaweza kuwasha. Ukihisi moyo unaenda mbio, kizunguzungu au kifua kubana, acha na umwone daktari, na mwenye ugonjwa wa moyo aulize kabla hajaanza. Nawa mikono. Mtoto mchanga asilaze uso mahali ulipopaka, kwa sababu imewahi kuotesha watoto nywele mwilini. Mwenye paka ndani ya nyumba awe mwangalifu mno. Hata kiasi kidogo humuua.

Kidonge ni finasteridi, na historia yake nimeipenda. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa bila kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Wakikua, tezi dume zao hubaki ndogo na hawapati upara. Watengeneza dawa wakatafuta namna ya kukizuia kimeng'enya hicho. Kidonge cha miligramu 5 kikatoka mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, na cha miligramu 1 kikaidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Katika majaribio yake, baada ya miaka 2, wanaume 83 katika kila 100 waliokimeza hawakuwa wamepoteza nywele zaidi utosini, dhidi ya 28 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengi wao walikuwa Wazungu, na hilo pia uliweke akilini.

Upande wa pili usifichwe. Hamu ya tendo la ndoa kupungua, uume kushindwa kusimama, shahawa kupungua: katika majaribio hayo kila moja lilipata chini ya wanaume 2 katika 100, na wengi walipona walipoacha. Wapo walioripoti kwamba shida ilibaki hata baada ya kuacha. Mwaka 2025 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni mojawapo ya madhara yake. Kwa hiyo kijana ambaye tayari ana huzuni, halali, anajitenga kwa sababu ya hizi nywele, asikimeze bila daktari anayemfahamu hali yake. Nakusema wewe hapo, usiniwie vibaya. Siku nzima bila raha kwa neno la makanga ni jambo la kumwambia daktari pia.

Ningekuwa kaka yako wa tumbo moja ningekwambia: piga picha leo, mbele, utosini na pembeni, mahali palepale penye mwanga uleule. Nenda ukatazamwe. Huna hasara kusubiri miezi michache ukitafuta jibu sahihi. Ya kemisti ile usirudi kununua. Vidonge hivyo vinatakiwa kutolewa kwa karatasi ya daktari.

Mimi mwenyewe baada ya kuonwa nilichagua ya kupaka tu. Kaka yangu mkubwa, tuliozaliwa nyumba moja na kichwa chetu kimoja, alinyoa zote akaendelea na maisha yake. Sioni aliyekosea kati yetu.

Mama_Watatu_Kakamega

Shemeji mleta uzi, umesema vizuri, ila kuna jambo la ndani ya nyumba mmelipita. Mume wangu alianza vidonge hivyo kimyakimya. Mimi nikaona mwenzangu amebadilika, usiku anageukia ukutani, nikajua kuna mwanamke. Tumeteseka mpaka nilipokuta kasha kwenye mfuko wa koti. Kumbe alikuwa anaona aibu kunieleza kwamba nywele zinamsumbua. Daktari alimsimamisha, na baadaye hali ikarudi.

Nawaomba wanaume: mwambieni mke kabla. Tena kama mnatafuta mtoto, semeni kwa daktari, maana kwa baadhi ya wanaume mbegu hupungua ubora. Na mwanamke mwenye mimba asishike vidonge vilivyovunjika, kwa sababu vinaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mimi ndiye ninayefua na kupekua mifuko, nani angenionya?

Na kwa taarifa yenu, kipara chake sikuwahi kukiona kama shida. Hakuniuliza.

Mkulima_Njoro

Mimi nilipaka kitunguu na zikaota. Nilikuwa na kiduara kimoja kikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Msidharau vya kwetu.

Mkazi_wa_Kondele (mleta uzi)

Sidharau ndugu yangu, na nafurahi zimerudi. Lakini kiduara si upara wa kiume. Vile viduara, vikiwa kimoja au viwili, mara nyingi huota vyenyewe ndani ya mwaka, kwa hiyo chochote mtu alichopaka ndicho kitasifiwa. Vikizidi kuongezeka kuna matibabu hospitalini, kuanzia sindano za steroidi kwenye ngozi yenyewe. Ninachoogopa ni mwenye panja kusoma ushuhuda wako akapaka kitunguu miaka miwili akingoja. DHT haiondoki kwa kitunguu.

Mzee_wa_Bungoma

Mulembe vijana. Nimesoma yote kwa miwani.

Nina miaka 58 na kichwa changu kimekuwa wazi tangu kabla sijafika arubaini. Enzi zetu hapakuwa na dawa ya kuulizia, kwa hiyo sikuwa na uamuzi wa kufanya, na naona ninyi uamuzi wenyewe ndio unawachosha. Kwetu mwenye kipara huitwa tajiri, hualikwa kuketi mbele kwenye harambee, hutarajiwa atoe kikubwa. Mnalipokea kama sifa, lakini imani hizo zina upande wa kutisha. Juni 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wanaume wenye vipara baada ya wengine kuuawa na watu walioamini kwamba vichwa vyao vina dhahabu au huleta utajiri. Tangu niliposoma habari hiyo sicheki tena na mtu anayeniambia kichwa changu ni benki. Namkatiza palepale.

Kwa wanaonyoa: jua letu ni la Ikweta, alama yake si mko nayo hapo Maseno? Kichwa kisicho na nywele huungua. Vaeni kofia yenye ukingo, siyo kepi tu, na shambani musitoke saa sita bila kitu kichwani. Nyoeni baada ya kuoga kwa maji ya moto, wembe ufuate nywele zinakolalia, usirudishwe kinyume, hapo vipele vitapungua.

Swali langu: mwanangu aliyeko Nairobi ameniletea hivyo vidonge, anasema vitanisaidia hata tezi dume. Na mimi mwezi ujao napimwa damu ya tezi dume. Nimeze?

Dala_Kisumu

Mbona hakuna anayetaja kupandikiza? Jamaa yangu anataka kwenda Istanbul.

Klinika_Mstaafu

Nimefanya kazi ya klinika hospitali za huku Magharibi kwa muda mrefu, nijibu hili la kupandikiza.

Kupandikiza hakutengenezi nywele mpya. Kunahamisha vinyweleo kutoka kisogoni, ambako DHT haiviumizi, kuvipeleka mbele. Akiba ya kisogoni ikiisha imeisha. Kijana wa miaka ishirini akijaza mbele leo, upara unaendelea nyuma ya alipojaza, na baadaye anabaki na ukanda wa nywele mbele na uwazi nyuma yake. Ndiyo maana daktari mwaminifu humtaka kwanza atulize upotevu kwa dawa, au humwambia asubiri.

Halafu kwetu sisi Waafrika kuna mawili zaidi. Nywele zetu zilizojisokota zimejikunja hata chini ya ngozi, kwa hiyo anayezing'oa moja moja bila uzoefu wa nywele za aina hii huzikata katikati na kuziua. Na wengi wetu tuna ngozi inayoota makovu manene. Tazama kovu lako la zamani, la kutoboa sikio au la jeraha. Kama lilivimba kupita kidonda chenyewe, mwambie daktari kabla hata hujauliza bei. Mwambieni jamaa amuulize daktari huyo amewapandikiza watu wangapi wenye nywele za Kiafrika, na aone picha zao za mwaka mmoja baadaye. Kwa wanaofanya kazi hapa Kenya, jina litafutwe kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC.

Nyakach_Kijana

Nimepiga picha. Nimeulizia pia, nimepewa siku ya kliniki. Ya kemisti nimeyaacha. Dada Mama_Watatu asante, mimi bado sijaoa lakini nimekusoma vizuri.

Mkazi_wa_Kondele (mleta uzi)

Vizuri sana mdogo wangu. Picha uende nazo.

Mzee wetu wa Bungoma, heshima yako. Usimeze kabla ya kipimo, na usimeze bila daktari wako kujua. Kile kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, hushuka karibu nusu kwa mtu aliyemeza finasteridi kwa miezi sita au zaidi, hata ile ya miligramu 1. Daktari asiyejua ataona namba ndogo na kukwambia uko salama, ilhali ilipaswa kuzidishwa mara mbili. Anayejua ataisoma sawasawa. Kwa umri wako kipimo cha kwanza bila dawa kina thamani kubwa, kwa sababu ndicho vingine vyote vitalinganishwa nacho. Kama una shida ya kukojoa, mweleze hiyo waziwazi, maana tezi dume iliyovimba ina dozi yake, ya miligramu 5, na huyo ndiye wa kuamua.

Na wanaochangia damu: mkianza kidonge hiki msitoe damu. Taratibu za nchi nyingi humtaka mtu asubiri mwezi mmoja baada ya kuacha, kwa ajili ya mama mjamzito anayeweza kuongezwa damu hiyo.